Shangazi na Swali la Kwanza

Jumapili, 14 Januari 1996

Mwanangu Mkaguzi,

Barua hii ikukute mzima, na kama una mafua basi yawe yale mepesi ya kukupatia mapumziko kazini. Sisi huku tunaamka na kulala. Magoti yanamsumbua bibi yako lakini mdomo uko salama kabisa. Juzi kamwambia fundi bomba kwamba mikono yake inafaa kushika kijiko tu, na yule fundi akaondoka bila kumaliza. Baba yako alipita hapa wiki iliyopita. Amenenepa, ila yeye anasema mashati ya siku hizi yanasinyaa.

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa mezani. Mhasibu Mkuu wetu pale kiwandani, yule mzee wa miwani ya kamba, anastaafu mwakani mwezi wa tatu. Unajua kwamba hesabu za magodoro yote yale ninazifunga mimi tangu wewe uko shule ya msingi, na mwaka huu mzee kaumwaumwa, hivyo nakaimu nafasi yake zaidi ya anavyoikalia mwenyewe. Basi Meneja akaniita, akanikaribisha kiti na chai, nikajua hapa kuna jambo. Akasema wao wananitaka mimi, lakini wenye kiwanda wameamua kwamba anayekuwa mkuu lazima awe na cheti cha juu cha bodi ya wahasibu. Nikikipata kabla mzee hajaondoka, nafasi ni yangu. Nisipokipata wataleta mtu, nami nitamfundisha kazi halafu nimwite bosi.

Nimebakiza somo moja, hesabu za makampuni, lile nililoliacha nilipokuwa namuuguza babu yako. Naweza kukaa mtihani mwezi wa tano, na ikibidi wa kumi na moja. Baada ya hapo masomo yote niliyofaulu zamani yanafutwa na naanza upya, na mimi kuanza upya siwezi, nywele zenyewe zimeshaanza kuwa za majivu.

Nataka unichagulie vya kusomea. Kuna kitabu kikubwa chenye jalada jekundu, bibi yako kasema kingefaa kuzuia mlango. Kuna kozi ya posta, wanakutumia vijitabu, unarudisha majibu, wanasahihisha. Kuna na kitabu cha maswali na majibu ambacho mwenye duka ameapa hakuna aliyekinunua akafeli. Masomo ya jioni siyawezi. Natoka ofisini giza limeingia na nguo zimejaa chembe za sponji, nikifika nyumbani nataka maji ya moto na mtu asiniulize kitu.

Wewe umeshapita njia hiyo. Niambie ninunue kipi.

Shangazi yako


Jumamosi, 3 Februari 1996

Shangazi yangu,

Shikamoo, na kwa Bibi shikamoo nyingine ya peke yake asije akadai ameunganishwa. Mimi sijambo. Wiki hii nzima tumekuwa kwenye ghala la mteja tukihesabu misumari, na usiniulize misumari inahesabiwaje, maana hata wenye misumari walikuwa wanacheka pembeni.

Habari ya nafasi yako imenifurahisha na imenitia hofu pia, nasema ukweli. Nimelifikiria suala la vitabu siku kadhaa.

Kozi ya posta iache. Wanachelewa kurudisha majibu, mimi walinirejeshea zoezi la kwanza nikiwa nimeshakaa mtihani. Hicho chekundu ni kizuri, ila angalia ni toleo la mwaka gani, kwa sababu mtaala ulibadilishwa na sura ya kuunganisha hesabu za kampuni mama na tanzu zake imeandikwa upya kabisa. Usinunue kwa wale wa kando ya barabara. Kisome sura zinazohitajika tu, usianze ukurasa wa kwanza kama riwaya. Cha maswali na majibu chukua, lakini majibu yake usiyaangalie mpaka umeandika ya kwako. Na nitakutumia mitihani ya miaka iliyopita pamoja na maoni ya watahini, wanaeleza watu wanakosea wapi. Hiyo mitihani ni bora kuliko vyote nilivyotaja.

Hivyo vitatu vinatosha. Ukiongeza cha nne utakuwa unakusanya, husomi.

Mkaguzi wako


Jumapili, 10 Machi 1996

Mwanangu,

Marahaba. Bibi naye kaitikia, akasema ya kwake ilikuwa fupi.

Ushauri wako umefika wiki moja baada ya mimi kununua hicho chekundu kando ya barabara. Usicheke. Jalada lilikuwa jipya, linang'aa, nami nikajiona mjanja. Nimefika nyumbani nafungua, mfano wa kwanza una mwaka ambao wewe ulikuwa hujazaliwa. Wamebandika jalada jipya juu ya matumbo ya zamani. Mtu anayefunga hesabu za kiwanda kizima kauziwa kitabu mfu mchana kweupe. Nimenunua kingine, dukani safari hii.

Nasoma asubuhi kabla ya kazi, na mchana ofisini wenzangu wakienda kula. Dirisha letu linatazama banda la kukatia sponji, mashine ikizimwa kwa chakula kunakuwa kimya kizuri. Jumapili ndiyo nakaa hasa. Leo nilikuwa na swali moja la kampuni mama na tanzu mbili. Mizania ikagoma. Pande mbili zikapishana kwa katofauti ka kuchekesha. Unanijua, sikuinuka. Bibi yako kaniletea chai ikapoa, wageni wamekuja wameondoka, mimi nimo tu. Jioni nikakapata: sehemu ya wanahisa wadogo nilikuwa nimeitoa mara mbili. Nilifurahi mpaka nikaimba jikoni. Si bure kazini wananiita Bi Mizania, sijawahi kwenda nyumbani hesabu zikiwa zimepinda.

Kwa hiyo usiwe na hofu. Mitihani uliyotuma imefika. Nitaifikia nikimaliza sura.

Shangazi yako


Jumapili, 18 Agosti 1996

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeandika mwezi wa sita na wa saba, sijui kama barua zilifika. Nilikuwa nauliza mtihani ulikwendaje. Baba ananiandikia kwamba hamjambo na kwamba Bibi kanunuliwa miwani lakini anaivaa tu wageni wakija.

Huku kazi ni ile ile. Nimehamia chumba kingine, kina madirisha mawili na jirani anayepiga filimbi vibaya.

Pamoja na barua hii nimekutumia kitabu cha maswali, toleo la mwaka huu, limetoka juzi tu. Kimebebwa na dereva wa lori la kampuni yetu, atakiacha kwa Baba. Nimeona kina sura nzuri ya makampuni tanzu. Kitakusaidia.

Nisalimie wote.

Mkaguzi wako


Jumapili, 1 Septemba 1996

Mwanangu Mkaguzi,

Hatujambo. Baba yako kaleta kitabu mwenyewe, kakaa, kala, kalala kwenye kiti, kaamka akasema hakulala. Bibi yako kavaa miwani ili amwangalie vizuri akisema uongo. Kazini tumepata mteja mpya, hospitali, wanataka magodoro yenye ngozi ya plastiki, na harufu ya gundi yake inatuumiza wote vichwa.

Barua zako zote mbili zilifika. Niliziweka.

Kitabu ulichotuma ni cha maswali, cha mtu anayejiandaa kukaa tena. Safari hii hukuuliza nimefaulu au nimefeli. Ulituma tu. Namba yangu ya mtihani unayo, tulijaza fomu pamoja ulipokuja likizo, na gazeti la matokeo linafika kwenu kabla ya kwetu. Kwa hiyo ulijua kabla yangu mimi. Umekaa na hilo jambo na mimi nimekaa nalo, kila mtu kwake, tukaulizana habari za miwani.

Nimefeli, mwanangu. Sasa limesemwa.

Nimeumia sana, sitakuficha. Siku ile nilikwenda kazini kama kawaida, nikalipa mishahara ya watu, nikarudi nyumbani nikamwambia bibi yako kichwa kinauma. Ofisini hakuna anayeuliza, na kutouliza kwao ndiko kunakonichosha zaidi. Meneja bado anasema tusubiri mwezi wa kumi na moja. Lakini nilimwona na tangazo la kazi mezani, limeshachapwa, bado kupelekwa gazetini tu.

Nadhani kosa ni vitabu. Hicho chekundu kina maneno mengi, hakinifai. Nimesikia kuna chuo kinatoa muhtasari wa kila sura pamoja na kanda za kusikiliza. Na kuna mwalimu anafundisha mmoja mmoja Jumamosi. Nataka nibadilishe vyote, nianze na vipya. Niambie kipi kati ya hivyo.

Shangazi yako


Ijumaa, 13 Septemba 1996

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Ni kweli, nilijua. Nilishika lile gazeti nikatafuta namba yako, nikatafuta tena labda wamekosea mpangilio. Nikaona aibu kukuuliza kitu ninachokijua, na nikaona aibu zaidi kuwa wa kwanza kukuambia. Wewe ndiye uliyenifundisha kugawanya, kwa vibiriti, pale jikoni kwenu. Nikatuma kitabu kwa sababu kutuma kitabu ni rahisi. Unisamehe.

Sasa sitakutumia kingine, na kanda usinunue. Nimezisoma upya barua zako zote, na ile ya mwezi wa tatu nimeisoma polepole. Nina swali moja tu, na naomba ulijibu hata kama utakasirika.

Mtihani ulikuwa na maswali matano. Uliandika mangapi?

Mkaguzi wako


Jumapili, 6 Oktoba 1996

Mwanangu,

Hatujambo. Mvua imeanza, bomba lile bado linavuja, na fundi hataki kurudi.

Nilikasirika, tena sana. Barua yako nimeitia kwenye droo ya meza, nikaitoa, nikairudisha. Nikasema huyu mtoto anajifanya nani. Halafu nikaona hasira yote ile si ya swali la kipuuzi.

Niliandika moja na nusu.

Ulikuwa ukumbi mkubwa, meza zina namba za chaki, msimamizi viatu vyake vinalia kila anapopita. Vijana watupu, mmoja kanipisha mlangoni akidhani mimi ni msimamizi. Nikafungua swali la kwanza, nikacheka moyoni, ni kampuni mama na tanzu, ndilo langu. Nimeandika vizuri kabisa. Nimejumlisha. Haikukaa sawa. Nikasema dakika chache tu nitakapata hako katofauti. Nikarudi kwenye akiba, nikarudi kwenye bidhaa, nikarudi kwenye wanahisa wadogo. Nilipoinua kichwa vijana wanaomba karatasi za nyongeza. Nikakimbilia la pili. Kengele ikalia niko katikati, na la kwanza lenyewe sikuwa nimekapata.

Utaniambia ningeliacha. Hata mimi nilijiambia hivyo pale pale, na mkono ukakataa. Nikueleze kwa nini. Nilipoanza kazi, bidhaa za stoo zilipishana na vitabu. Mhasibu Mkuu wa wakati ule akasema tusipoteze muda, tufunge hivyo hivyo. Mtunza stoo akafukuzwa kwa wizi. Baba wa watu, anatuletea ndizi kila Jumatatu. Miezi ikapita, nikakuta tarakimu mbili zimegeuzwa kwenye hati ya kupokelea mali, na ndiyo tofauti yenyewe. Tulimtafuta, alikuwa ameshahama na familia yake, hakuna anayejua wapi. Tangu hapo mimi siachi. Kila tofauti naona kuna mtu amesimama nyuma yake.

Hili sijamwambia mtu. Ulitaka kujua, umejua.

Shangazi yako


Jumamosi, 12 Oktoba 1996

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika leo, nakujibu leo leo.

Mimi nakagua hesabu za watu kila siku na sijawahi kumwona mtu nyuma ya tofauti kama unavyomwona wewe. Usije ukaacha tabia hiyo kazini. Wangekuwepo wahasibu wengi wa namna yako, mimi ningekuwa sina kazi.

Lakini zile kampuni za kwenye mtihani hazipo, Shangazi. Zimetungwa na mtu kakaa mezani anakunywa kahawa. Hazina stoo, hazina mtunza stoo, hazina mtu anayeleta ndizi. Mizania yake ikipinda hakuna atakayefukuzwa, isipokuwa wewe kunyimwa nafasi yako. Watahini wanatoa alama kwa kila hatua sahihi. Kwa mizania kukaa sawa wanatoa alama moja, pengine mbili. Wewe umelipa maswali matatu na nusu kununua alama mbili.

Kwa hiyo funga vitabu vyote. Unachokijua kinatosha, tena kimezidi. Chukua ile mitihani niliyotuma, ambayo nadhani bado iko kwenye bahasha yake. Gawa muda sawa kwa kila swali. Muda ukiisha, unahama, hata kama umebakiza mstari mmoja. Usijisimamie mwenyewe, utajionea huruma. Mpe Bibi saa ya mezani.

Mkaguzi wako


Jumapili, 24 Novemba 1996

Mwanangu Mkaguzi,

Marahaba. Nimekaa mtihani Alhamisi, nimelala Ijumaa nzima, leo naandika.

Kwanza nikwambie ulichoifanyia nyumba hii. Ulisema nimpe bibi yako saa. Siku ya kwanza nilimbembeleza anipe muda kidogo, akaivuta karatasi mkononi mwangu, ikachanika. Akasema, "Hiyo imeiva. Leta nyingine." Kila Jumapili ikawa hivyo. Anakaa mbele yangu na miwani yake, hajui hata neno moja la uhasibu, saa ikilia anaweka kiganja juu ya karatasi na haondoi. Nimegombana naye kama niko darasa la pili. Kuna Jumapili nilikwenda kukaa uani na kutoa machozi ya hasira kwa ajili ya kampuni ambazo hazipo.

Ukumbini likaja lile lile, swali la kwanza, mama na tanzu. Ikapinda. Nikaangalia saa ya ukutani, muda wa swali ulikuwa umeisha. Nikachora mstari chini, nikaandika pembeni kwa mkono wangu kwamba pande hizi mbili hazikubaliani, nikafungua ukurasa. Swali la pili niliandika kwa haraka, mwandiko wake utamtesa msahihishaji. La tatu nikatulia. Nimeandika yote matano, la tano nimebakiza kipande kidogo.

Tofauti yenyewe sitaijua. Karatasi za maswali walizikusanya. Tangu Alhamisi najikuta nasimama na sufuria mkononi, naitafuta kichwani, na namba zenyewe zimeshaanza kunipotea.

Tangazo la kazi limetoka gazetini. Meneja kasema ni utaratibu tu, nisijali. Najali.

Shangazi yako


Jumanne, 11 Februari 1997

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Safari hii sikai na jambo. Gazeti limeingia mezani kwangu asubuhi na naandika nikiwa bado nimesimama. Karani wa posta ya kazini ananisubiri mlangoni na mfuko wake.

Namba yako ipo. Safu ya pili, karibu na chini. Nimemwita mwenzangu aisome yeye kwa sauti, kaisoma, ni yako.

Mwambie Bibi.

Mkaguzi wako


Jumapili, 6 Aprili 1997

Mwanangu,

Hatujambo wote. Baba yako kaja na soda kreti nzima, akatuhutubia kwa muda mrefu watu watatu tuliokuwepo. Bibi yako anawaambia majirani kwamba kafaulu yeye. Simsahihishi.

Mzee wa miwani ameagwa Jumatatu iliyopita. Wale walioitikia tangazo waliandikiwa barua za kushukuriwa, mimi ndiye niliyezichapa, na nilizichapa kwa adabu, maana najua zinavyopokelewa. Jumanne nikahamia chumba chake. Kina zulia, na dirisha lake halitazami banda la sponji, linatazama ukuta. Nitauzoea.

Nikueleze kitu kimoja halafu nikalale. Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya wenye dawa za sponji, kuwataka walete mzigo kwa wakati. Nikaichapa, nikaweka sahihi, nikaipeleka masijala. Baada ya muda karani wa masijala akaja nayo mwenyewe, mama mmoja mpole, tumeanza kazi mwaka mmoja. Akafunga mlango kwanza. Akaiweka mezani akanionyesha pale chini kwa kidole.

Juu ya cheo cha Mhasibu Mkuu nilikuwa nimeandika "Kny", kwa niaba ya, kama nilivyoandika kwenye kila karatasi iliyopita mikononi mwangu tangu niajiriwe. Mkono umeandika wenyewe. Tukatazamana na yule mama, tukaanza kucheka, na katikati ya kucheka mimi nikalia, mwanangu, nililia kweli, akanishika bega mpaka nikanyamaza.

Halafu nikachapa barua nyingine, nikaandika jina langu tu.

Shangazi yako